Rangi ya Buluu Juu ya Nati

"Umeshalisikiliza?" Scolastika Nyalusi aliuliza kabla hata hajaketi.

"Bado."

"Basi usilisikilize. Lioshe, lifunge, tumalize. Mkaguzi anakuja Ijumaa, Jumamosi ni maonyesho, na wewe bado unalipapasa kama mkunga."

Fundi Otmari Kiswaga alikuwa amelala chali chini ya gari; miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na alikataa kutumia lifti ya umeme aliyopewa zawadi na chama. Alisema ukilikagua gari huku umesimama wima unakuwa umelidharau.

"Uzi ulikuwa umekatika mahali tisini na mbili," alisema kutoka huko chini. "Nimeunga moja moja, kwa lenzi. Miezi minne. Unadhani nimeunga ili iweje, kama sitausikiliza?"

"Mkaguzi anataka uwe mzima ili uoshwe wote, uishe. Hakusema usikilizwe. Na binti wa mwenye gari alikwambia nini?"

Otmari alisikika akigonga kitu kwa nyundo ya mbao, taratibu, mara tatu.

"Huyo mkaguzi mwenyewe," Scolastika aliendelea, akijimiminia chai kutoka kwenye chupa iliyokuwa juu ya mapipa, "safari iliyopita alikaa kwenye kiti cha gari langu kukagua mikanda, akapiga mbwilo palepale. Nikamwa..."

Akatazama gari lililokuwa mbele yake, kisha akaweka kikombe chini.

"Nimeteleza," alisema.

"Watu wote wanasema hivyo," Otmari alijibu. "Hata mimi nasema."

Mji mzima wa Iringa ulisema hivyo. Kusinzia mahali ambapo hupaswi kusinzia kulikuwa kupiga mbwilo. Walimu waliwaambia wanafunzi wasipige mbwilo darasani. Walinzi waliofukuzwa kazi walikuwa wamepiga mbwilo. Watoto wa siku hizi hawakujua kwamba neno hilo lilikuwa jina la mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa hai, amelala kitandani katika nyumba yenye dirisha la kijani kule Kihesa.

Gari lilikuwa lake. Lilikuwa la aina ya Swala, la mwaka 2046, miongoni mwa magari ya mwisho kuuzwa yakiwa na usukani. Siku hizi barabara zilikuwa na akili zake: abiria aliingia kwenye gari, akataja aendako, akajifunika blanketi. Lakini kila Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, Baraza la Barabara lilifungua kilomita kumi na nne za lami ya zamani kwa watu wenye Hati ya Mkono, yaani ruhusa ya kushika usukani. Watu hao walikuwa wazee karibu wote. Walifufua magari yaliyotupwa, wakayanyoosha mabati, wakayabadilisha injini, wakayapaka rangi ambazo kiwandani hazikuwahi kuwepo, kisha wakaenda kilomita kumi na nne na kurudi. Scolastika, ambaye zamani aliendesha lori la tani thelathini hadi Tunduma, alikuwa mwenyekiti wao. Otmari alikuwa fundi wao. Magari ya chama yalikuwa arobaini na moja, na kila nati iliyokuwa muhimu kwa uhai wa mtu ilikuwa na mstari mmoja wa rangi ya buluu.

Ilikuwa rangi ya kucha. Otmari alianza kuitumia akiwa kijana, baada ya dada yake kuitupa. Ukishakaza nati kwa spana ndefu mpaka ilie, ukapitisha pini yake na kuikunja, unapiga mstari mmoja unaovuka nati hadi kwenye boliti. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika na jicho linaona. Mafundi wengine walitumia rangi nyeupe, wengine hawakutumia kitu. Buluu ilikuwa ya Otmari peke yake. Nembo ya chama, ile iliyoshonwa kwenye kofia ya Scolastika, ilikuwa nati yenye mstari wa buluu.

*

Atuganile Mbwilo alikuja mara ya kwanza mwezi wa pili, akiwa amepakia vipande vya gari kwenye tela la kukodi. Baraza lilikuwa limevitunza kama kielelezo kwa miaka thelathini na mitatu, likachoka kuvitunza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama."

"Baba anataka akae ndani yake. Mara moja tu, likiwa limesimama barabarani kihalali, na namba zake. Kiti cha kushoto. Cha mama." Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mtaalamu wa mbegu, mwenye kusema kila jambo kama anayesoma kipimo. "Nilitaka nimpelekee fundi wa Mafinga, ni karibu na kazini kwangu. Baba akakataa. Akasema mpelekee Otmari, ndiye aliyelijua."

"Anaendeleaje Mwalimu?"

"Moyo. Daktari anasema tusipange mambo ya mwakani." Akatazama vipande vile kwenye tela. "Ila naomba kitu kimoja, Fundi. Najua magari haya yana uzi. Usiufungue. Uunge kama sheria inavyotaka, kisha uoshe. Kilichomo humo, sisi nyumbani tumeshamalizana nacho."

Otmari alimpa neno lake. Lilimtoka kwa urahisi, kwa sababu alidhani anajua kilichomo.

Uzi wa hisia ulifumwa ndani ya bati, ndani ya chesesi na ndani ya usukani, mwembamba kuliko unywele. Haukuhitaji umeme ili kukumbuka. Kila mtikisiko uliupinda kidogo, na pale ulipopindwa ulibaki umepindwa. Fundi akivaa glavu za kusikilizia na kuzichomeka kwenye ncha yake, anahisi viganjani kile ambacho gari lilihisi: mashimo, breki iliyochakaa, mtu aliyefunga mlango kwa hasira. Anaweza kupitisha mwezi mzima kwa saa moja, au kurudia sekunde ileile mpaka achoke. Kampuni iliyobuni uzi ilikuwa imekufa zamani, na glavu zikawa adimu. Otmari alikuwa na jozi moja, vidole viwili vimeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Na kwa kuwa uzi ulihifadhi pia uzito wa watu na mikono yao, sheria ilitaka kila gari la zamani lioshwe, yaani uzi wake ufutwe kumbukumbu zote, kabla ya kupewa namba. Marehemu wasipapaswe.

Mwaka 2051, gari hili lilipopata ajali, uzi wake haukusomwa. Ulikuwa vipande, na hapakuwa na mtu mwenye subira ya kuunga mahali tisini na mbili. Baraza lilitumia jicho la dashibodi, kamera ndogo iliyomtazama dereva. Jicho lilionyesha Mwalimu Wendelin Mbwilo akishuka mlima wa Kitonga saa nne asubuhi, mkewe Tusekile akiwa kando yake, na kabla ya kona ya tatu kichwa chake kikainama. Sekunde mbili na nusu baadaye, mwamba. Tusekile alifia hapohapo. Mwalimu alizinduka baada ya siku tisa, hakumbuki hata walikuwa wakienda wapi. Walimwonyesha picha. Akatazama kichwa chake kikiinama, akasema, "Basi nilisinzia."

Otmari aliitwa kutoa ushahidi. Siku kumi na moja kabla ya ajali alikuwa amebadilisha viungo vya usukani vya gari lile. Fimbo ya kushoto, ile inayopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu, ilikutwa imechomoka, na nati yake haikupatikana. Wakamuuliza kama huenda ilikuwa haijakazwa. Alisimama mbele ya wazee watano wa Baraza akiwa amevaa koti lake la pekee, akajibu, "Nati yenye buluu yangu imekazwa." Boliti ilikuwa na buluu. Sentensi hiyo iliandikwa kwenye taarifa, ukurasa wa kumi na tisa, na Mwalimu akapokonywa Hati ya Mkono maisha yake yote. Baraza lilipoanza kuondoa mikono ya watu barabarani, lilianza na kesi hiyo.

*

Jumatano asubuhi, Scolastika alipokwisha kuondoka, Otmari alinawa mikono, akaikausha, akavaa glavu.

Alikuwa na hoja zake. Gari alilolinyoosha chesesi hawezi kulitoa nje bila kulisikiliza, hajawahi. Angesikiliza mwanzo tu, mwendo wa kawaida, ahakikishe viungo havina ufa. Mwisho asingeugusa. Alijiambia hayo akiwa ameshachomeka ncha ya uzi.

Alianza na siku ile gari liliposhushwa kwenye jeki katika karakana yake ya zamani. Alihisi magurudumu yakikanyaga sakafu. Alihisi mlango, uzito wa mtu mmoja, kisha viganja viwili kwenye usukani. Mwalimu alishika usukani kama alivyoshika chaki: kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Otmari akatabasamu. Halafu gari likatoka getini, likaruka tuta dogo, na katika kiganja chake cha kushoto kitu kikagonga.

Tik.

Alirudisha nyuma. Tuta. Tik. Mkono wa kulia ulikuwa kimya, mgumu, safi. Mkono wa kushoto ulikuwa na kitu kidogo kinachocheza, kama jino la mtoto linaloanza kutikisika.

Alijua ni nini. Mwili wake ulijua kabla yake. Jasho lilimtoka kwenye shingo wakati kichwa kilikuwa bado kinatafuta maelezo mengine. Alisogeza mbele siku mbili. Tik, tik, kila shimo. Nati ilikuwa ikizunguka, upande mmoja kwa siku, ikijifungua yenyewe kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuizuia: haikukazwa, na haikuwa na pini. Siku ya nne. Siku ya saba. Alisikiliza siku kumi na moja kwa saa mbili, bila kunywa maji, na kila alipotaka kuvua glavu mikono ilimkatalia.

Na humo ndani ya mkono wa kushoto ikamrudia ile siku.

Ilikuwa siku ya mtihani wake wa hesabu wa kidato cha nne, watahiniwa wa darasa la jioni, saa kumi na moja kamili. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na alikuwa ameshafeli mara mbili. Mwalimu Mbwilo ndiye aliyekuwa akiwafundisha, watu wazima kumi na wanne kwenye madawati ya watoto. Saa kumi na robo Mwalimu alipita karakana, akamkuta chini ya gari lake. "Otmari! Bado uko hapo? Gari litakuwepo kesho. Nenda kaoge." Nati ya kulia ilikuwa imeshakazwa na ina pini. Ya kushoto ilikuwa imeshikizwa kwa vidole tu. Kichupa cha rangi kilikuwa wazi mkononi, na rangi ya kucha ikiachwa wazi hukauka. Akapiga buluu zote mbili kwa mara moja, ya kushoto aje kuimalizia kesho asubuhi.

Kesho yake asubuhi alikuja akiimba. Maswali yote aliyajibu. Akainama, akatazama kulia, buluu. Akatazama kushoto, buluu. Akashusha jeki.

Na pini. Wiki moja baada ya ajali aliikuta kwenye mfuko wa shati alilokwenda nalo kwenye mtihani. Fundi kukuta pini mfukoni si habari. Aliifunga kwenye gari la mtu mwingine.

Dakika nne za mwisho alizisikiliza akiwa amekaa sakafuni. Kona ya kwanza ya Kitonga: usukani ukazungushwa, gurudumu likatii. Kona ya pili: likatii kwa kuchelewa. Viganja vya Mwalimu vikakaza. Otmari alirudia hapo mara tano, kwa sababu mikono ya mtu anayesinzia hulegea, na hii ilikuwa inakaza, inakaza, mpaka usukani wenyewe ulilia. Halafu nati ikaanguka. Usukani ukawa mwepesi kama sufuria tupu, na Mwalimu akafanya kile ambacho dereva yeyote angefanya. Aliinamisha kichwa kutazama mikono yake.

Kulikuwa na kitu kingine, mwishoni kabisa. Katika ile sekunde ya mwisho, juu ya kiganja cha kushoto cha Mwalimu, kilitua kiganja cha tatu. Kidogo, chenye pete. Nacho kilikuwa kikivuta usukani kwa nguvu zake zote.

Otmari alivua glavu, akaenda nje, akanawa mikono upya.

*

"Umelisikiliza," alisema Scolastika siku ya Alhamisi. Hakuuliza. Alimwona usoni.

Otmari alimweleza yote akiwa amesimama. Scolastika alisikiliza huku akikunja na kukunjua kofia yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi lioshe."

"Scola."

"Lioshe, Otmari! Sheria inasema lioshwe. Binti wa mwenye gari anasema lioshwe. Ulimpa neno lako. Ni nani katika dunia hii anataka lisioshwe isipokuwa wewe?"

"Kwa miaka thelathini na mitatu mtu anaamini alimuua mkewe."

"Mtu ana miaka themanini na minne na moyo umechoka. Ameshalala na hilo, ameshaamka nalo. Wewe unataka kumpelekea jipya la kuanza nalo leo? Unamfanyia yeye, au unataka utue mzigo wako kitandani kwake?"

Otmari alikuwa amejiuliza swali hilohilo usiku kucha, kwa maneno mabaya zaidi.

"Na sisi?" Scolastika aliendelea, sauti ikishuka. "Magari arobaini na moja yana buluu yako. Ukiandika barua hiyo, Baraza litayasimamisha yote kesho. Watayavua nati moja moja. Miaka kumi wanatafuta sababu ya kuzifuta Jumamosi zetu, na wewe unawapa, umewafungia na utepe. Mimi nina saa nne kwa wiki, Otmari. Saa nne ambazo sibebwi kama mzigo. Huyo mzee wa Ndiuka anayeendesha akiwa na mguu mmoja, ana hizo saa nne tu. Unatuuliza sisi?"

"Siwaulizi."

"Najua hutuulizi. Unajiona."

"Nilijiona," alisema Otmari. "Ndiyo maana nikasema mbele ya Baraza kwamba haiwezekani. Wangeweza kuniuliza, 'Unakumbuka uliikaza?' Wangeniuliza hivyo, ningesema sikumbuki. Nilijibu kuhusu rangi. Sikukumbuka mkono wangu, nilikumbuka rangi."

Scolastika alivaa kofia. Alitoka hadi kwenye gari lake, lile jekundu lenye mabomba mawili ya moshi ambalo Otmari alilifufua kutoka kwenye banda la kuku. Karakana yenyewe ilikuwa pale ilipoanzia ile barabara ya kilomita kumi na nne, na wanachama waliruhusiwa kufika kwa fundi siku yoyote. Alifungua mlango. Akasimama. Kisha, polepole, kwa shida ya magoti, akainama na kutazama nyuma ya gurudumu la mbele kwa tochi ya simu. Alitazama kwa muda mrefu. Katika miaka ishirini na mbili Otmari hakuwahi kumwona akifanya hivyo.

Aliondoka akiendesha taratibu sana, kama mtu anayevuka mto kwa mguu.

*

Jioni hiyohiyo Atuganile alimkuta Otmari kwenye geti la nyumba ya Kihesa, akiwa na kisanduku kidogo cha kunakilia uzi kwapani, na bahasha. Alikitazama kisanduku. Hakusalimia.

"Nilikuomba kitu kimoja."

"Ndiyo."

"Kimoja tu, Fundi."

"Hakusinzia," alisema Otmari. "Nati ya usukani niliipaka rangi bila kuikaza. Ilianguka. Aliinama kutazama mikono yake."

Aliiandaa sentensi hiyo njia nzima na ilikuwa fupi kuliko alivyotarajia. Atuganile alishika nguzo ya geti. Kuku wawili walipita katikati yao.

"Shuleni walikuwa wananiita Usingizi," alisema hatimaye. "Nilikuwa na miaka minane. Baba akija kunichukua kwa miguu walikuwa wanakoroma, darasa zima, madirishani. Nikamwambia asije tena." Akafuta uso kwa kiganja, kwa hasira, kama anayefuta ubao. "Hata mume niliyemtaka sikuolewa naye, kwa sababu ukoo wake... basi. Ingia. Umwambie mwenyewe. Mimi siwezi kukusaidia kumwambia."

Mwalimu Wendelin Mbwilo alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, blanketi la mistari hadi kifuani. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ileile iliyowahi kufika dawati la nyuma.

"Kamwene, Otmari."

"Kamwene. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Gari limekamilika?"

"Bado hatujafika hapo, Mwalimu. Nina jambo."

Alilisema akiwa amesimama, mikono nyuma, kama aliyeitwa mbele ya darasa. Safari hii hakufupisha. Alisema saa kumi na robo, alisema kichupa, alisema pini mfukoni. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, Atuganile akiwa amesimama mlangoni, Mwalimu alinyoosha kidole.

"Hiyo bahasha?"

"Ni maelezo yangu kwa Baraza. Nataka niyapeleke kesho kabla mkaguzi hajafika, ili wauzuie uzi usioshwe. Nimeona wewe uyasome kwanza."

Mwalimu aliomba miwani. Alisoma kurasa zote tatu, akilamba kidole kila alipofungua ukurasa. Otmari aliangalia kidole kile na akajiona ana miaka thelathini na tisa tena, anasubiri alama.

"Ukurasa wa kwanza unaeleza hali ya barabara," alisema Mwalimu. "Wa pili unaeleza uzi ni nini. Jina lako liko ukurasa wa tatu, mstari wa sita kutoka chini."

"Ndiyo, Mwalimu."

"La kwangu walianza nalo." Akazikunja karatasi, akamrudishia. "Ndani ya hicho kisanduku kuna nini?"

"Dakika nne za mwisho. Nimezinakili, na glavu zimo. Ila si lazima, Mwalimu. Moyo wako..."

"Moyo wangu ni wangu. Nivalishe."

Atuganile alisogea kama anayetaka kuzuia, kisha akaacha. Otmari alimvalisha glavu, kidole kwa kidole. Mikono ya mzee ilikuwa baridi. Aliposhika usukani ambao haukuwepo, aliushika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Walimtazama akishuka Kitonga. Kona ya kwanza mabega yake yaliegemea. Kona ya pili midomo ilikaza. Kisha mikono ikawa mitupu, na kichwa chake, polepole, kikainama kuitazama. Atuganile akaziba mdomo, kwa sababu ilikuwa ileile picha ya jicho la dashibodi, ile aliyoiona mara mia: kichwa kilekile, kuinama kulekule.

Halafu mzee akashtuka. Kiganja chake cha kulia kiliacha usukani na kikaja juu ya cha kushoto, kikapapasa hapo, kikitafuta.

"Huyu ni Tusekile," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Alikuwa anavuta."

"Alikuwa anavuta nawe."

Kisanduku kilinyamaza. Mzee hakuvua glavu. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, kama maji kwenye ukuta.

"Kila asubuhi," alisema. "Kabla sijanawa uso. Tusekile, nisamehe, nilisinzia. Miaka thelathini na mitatu. Nimemwomba msamaha wa kitu ambacho alijua sikukifanya. Alikuwepo. Alikuwa ameshika hapa. Na mimi kila asubuhi namdanganya." Akamgeukia Otmari. "Unajua nilichoacha kumwambia, kwa kuwa nafasi yote ililiwa na hicho?"

Otmari alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amekuja na neno la mwisho, neno moja, alilolibeba tangu Jumatano.

"Mwalimu, naomba..."

"Usiniombe." Haikuwa sauti ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kazi hiyo. "Mimi najua kuomba kunafanana vipi, nimeomba zaidi yako. Leo sina cha kukupa. Inuka, magoti yako mabovu."

Otmari aliinuka, akishika ukingo wa kitanda. Aliokota bahasha. Alikuwa amefika mlangoni, Atuganile akimpisha bila kumtazama, aliposikia anaitwa.

"Otmari."

"Naam, Mwalimu."

"Ule mtihani. Nililazwa, sikupata kukuuliza."

Otmari alisimama na bahasha mkononi.

"Ulifaulu?"

"Nilifaulu, Mwalimu."

"Ngapi?"

"Tisini na moja."

Mzee alitikisa kichwa mara moja, kama alivyotikisa zamani jibu likiwa sahihi. Kisha akageuka kuelekea ukutani, glavu zikiwa bado mikononi, kiganja cha kulia juu ya cha kushoto.

"Vizuri," alisema. "Sasa nenda kalihamishe jina lako juu."